Je, Wajua? Reli ya Nchi Kavu na Maji Yaliyojificha Pichani

Safu ya leo naiandikia Makole, hapa Dodoma, dirisha liko wazi na vumbi limeshatangulia kwenye kikombe cha chai. Mada ni picha: zile za zamani za watu wakijenga reli na kuitengeneza katika nchi kavu, hapa Ugogo na kwingineko duniani. Nakuonya mapema kwamba nilianza nikitafuta treni, nikaishia kutafuta maji.

Je, wajua kwamba Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910? Kazi ilianza Dar es Salaam Februari 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na tarehe 1 Februari 1914 chuma kikagusa Kigoma. Kilomita 1,252, kwa upana wa mita moja. Mkandarasi alikuwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Mtu akikwambia reli ilijengwa enzi za Mwingereza, mpe chai, halafu umsahihishe taratibu.

Wajua kwamba kitaalamu hapa kwetu si jangwani? Jangwa huhesabiwa pale mvua isipofika milimita 250 kwa mwaka. Dodoma hupata kama milimita 570. Tatizo letu ni kwamba karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu inafunga duka. Wataalamu wanasema nusu jangwa. Mama mwenye ndoo tano kwenye foleni ya bomba mwezi wa kumi anasema jina jingine, na gazeti hili haliwezi kulichapa.

Na je, wajua kwamba misafara ya zamani iliipa nchi hii majina mawili ya kutisha? Ukitoka Mpwapwa kuingia Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, yaani maji makali, pori ambalo msafara ulilivuka mbio kwa sababu maji yake ni machungu au hayapo kabisa. Ukimaliza Ugogo kuelekea Unyamwezi unaingia Mgunda Mkali, vichaka vikavu vilivyofungamana upande wa Itigi. Burton na Stanley wote walilalamika kuhusu njia hiyo katika vitabu vyao. Reli ilipita mumo humo, na wapimaji wake walikuwa na swali lile lile la wapagazi: maji yanayofuata yako wapi?

Hongo, kwa taarifa yako, haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru halali. Msafara ulilipa watemi wa Kigogo kwa vitambaa, shanga na waya ndipo uruhusiwe kupita na kuchota maji kisimani. Misafara ikafa, ushuru ukafa, neno likabaki bila kazi. Leo unajua limeajiriwa wapi.

Je, wajua nani alipiga picha nyingi unazoziona za wakati ule? Jina moja litakurudia tena na tena: Walther Dobbertin, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1961. Alikuja koloni la Wajerumani akiwa kijana, akawa na biashara ya picha Dar es Salaam, akauza postikadi. Hakuwa peke yake. Pale pale mjini kulikuwa na studio ya C. Vincenti, na ng'ambo ya bahari, Unguja, Mgoa A. C. Gomes alikuwa na jina kubwa. Dobbertin ndiye aliyebahatika mkusanyiko wake kuishi. Uko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, na mwaka 2008 hifadhi hiyo iliporuhusu picha zaidi ya 80,000 zitumike na umma mtandaoni, za Dobbertin zilikuwamo. Ndiyo maana kijana wa Makole mwenye bando la shilingi elfu moja anaweza leo kuona Ugogo wa babu wa babu yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Frankfurt pia kuna hazina: maktaba ya Chuo Kikuu inatunza picha kama 55,000 zilizokuwa za Chama cha Makoloni cha Wajerumani. Na hapa nyumbani, faili za serikali ya Kijerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Picha ziko Ujerumani, karatasi ziko kwetu. Anayetaka kuzioanisha akate tiketi.

Je, wajua kwa nini picha hizo hazina mawingu? Wengi hudhani zilipigwa kiangazi tupu. Si lazima. Mabamba ya kioo ya wakati ule yalikuwa na macho mabovu: rangi ya samawati yaliiona kama mwanga mkali, rangi nyekundu hayakuiona kabisa. Anga la samawati likaungua likawa jeupe, na wingu jeupe juu ya anga jeupe likapotea. Udongo wetu mwekundu ukatoka mweusi kama mkaa. Matokeo yake ni nchi ya ajabu, chini kumeungua na juu hakuna kitu. Huenda pembeni ya picha radi ilikuwa inanguruma na mpiga picha alikuwa anakimbiza mizigo chini ya turubai, lakini wewe unaona ukame tu. Mabamba yaliyoona nyekundu yalikwishaingia sokoni tangu 1906, ila mafundi wengi waliendelea na yale waliyoyazoea, kwa sababu hayo ungeweza kuyasafisha chini ya taa nyekundu ukiona unachofanya.

Na picha yenyewe, wajua, ilikunywa maji. Bamba likishapigwa linatiwa dawa, kisha linasuuzwa na kusuuzwa tena kwa maji safi. Dawa ikibaki, baada ya miaka michache picha inageuka manjano na kufifia. Maji ya chumvichumvi yanaacha madoa. Maji ya moto ndiyo adui kabisa, kwa sababu utando wa dawa juu ya kioo umetengenezwa kwa jelatini, na jelatini ikipata joto inalainika, inajikunja pembeni na kuchubuka kama ngozi ya maziwa. Sasa fikiria uko kambini Ugogo, maji yameletwa kwa mapipa kutoka mbali, wapishi wanayataka, punda wanayataka, injini ya mvuke inayataka kuliko wote, na wewe unaomba ndoo tatu za baridi ili uoshe vioo. Mpiga picha mwerevu alisafisha usiku wa manane.

Injini ya mvuke? Ile ilikuwa birika kubwa lenye magurudumu. Maji yanachemka, mvuke unasukuma, kisha unatoka na moshi kwenda zake angani. Kila baada ya mwendo fulani lazima ijazwe. Kwa hiyo stesheni haikuwekwa palipo na watu. Iliwekwa palipopatikana maji, au pale ambapo maji yangeweza kufikishwa, na tangi likasimamishwa juu ya nguzo. Watu walifuata baadaye. Tazama picha yoyote ya stesheni ya zamani uwandani: utaona tangi kabla hujaona jengo la abiria.

Wajua basi kwamba miji miwili mikubwa ya Wajerumani huku bara iliachwa kando? Mpwapwa ilikuwa boma maarufu. Reli ikapita Gulwe. Kilimatinde ilikaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa kwa maringo. Reli ikapandia Saranda ikaenda Manyoni. Kijiji cha Dodoma kikapata stesheni, na mengine unayajua, maana tunalipa kodi ya pango.

Hapa nisimame kidogo. Jirani yangu mmoja ni mstaafu wa reli, alifanya kazi katika genge la kutengeneza njia, si kwenye treni. Jioni moja nilimpelekea simu yenye picha ya zamani niliyoikuta mtandaoni, haina jina la mahali: daraja refu la chuma, juu yake watu wamesimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa, chini yake mchanga mtupu.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mwanangu. Umeniletea nini tena?"

Nikampa. Nikamwambia Wajerumani walipoteza chuma bure hapo, daraja lote lile kwa ajili ya kuvuka mchanga.

Akaipanua picha kwa vidole viwili, polepole, akaisogeza juu. "Wewe unatazama daraja. Shuka chini." Akanionyesha nguzo. Kwenye jiwe, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama mchangani, rangi inabadilika: chini hafifu, juu nzito, mstari umenyooka kama umepigwa kwa uzi. "Maji yalifika hapo." Akanionyesha upande mmoja wa nguzo, matawi na nyasi vimenasa. "Na yanatokea huku." Kisha akagusa madoa matatu meusi katikati ya mchanga, ambayo mimi niliyadhania ni uchafu wa kioo. "Hivi ni visima. Watu wamechimba korongoni. Tazama mchanga waliotoa ulivyorundikana, vimeshakuwa virefu. Mwezi wa tisa huo, au wa kumi."

Sikuwa na la kusema. Alinirudishia simu akauliza kama ina picha za Simba na Yanga.

Je, wajua wale watu waliosimama kando ya nguzo katika picha za uhandisi walikuwa wanafanya nini? Mara nyingi hawakupigwa picha wao. Waliwekwa pale wawe kipimo, ili mkubwa aliyeko Berlin ajue nguzo ina urefu gani. Mafundi wa leo huweka rula au kofia ya kazini. Zamani waliweka mtu. Ndiyo maana maelezo ya picha yanataja daraja, kilomita na aina ya chuma, na mtu hatajwi. Wajenzi wa Reli ya Kati kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika wa ujira, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi sana, wengine wakiwa chini ya makandarasi wadogo wa Kigiriki waliochukua vipande vya kazi. Wagiriki angalau walisaini risiti.

Jirani zetu walienda njia nyingine. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, ilileta vibarua 31,983 kutoka India. Waliokufa ni 2,493. Hesabu ya watu imetunzwa hivyo, hadi wa mwisho. Jangwa lao la kwanza lilikuwa nyika ya Taru, nyuma tu ya pwani, ambako maji yalifuata kambi kwa treni. Mpiga picha wao alikuwa William D. Young, na albamu za kazi yake zimesambaa hadi Marekani. Ila picha mashuhuri kuliko zote za reli ile si ya reli. Ni ya simba wa Tsavo aliyeuawa na mhandisi Patterson Desemba 1898. Patterson alitandika ngozi za simba wake wawili sakafuni kwa miaka, kisha 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Simba wana makumbusho.

Kwa wanaopenda ya mbali: tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory, Utah, Andrew J. Russell alipiga picha ya reli mbili za Marekani zikikutana, injini uso kwa uso, wanaume wanapeana mikono na chupa. Wachina walikuwa maelfu kwa maelfu katika ujenzi wa upande wa magharibi, kupitia milima na majangwa ya Nevada. Katika picha ile ni kama hawakuwahi kuwepo. Mwaka 2014 mpiga picha Corky Lee aliwakusanya Wamarekani wenye asili ya Kichina pale pale, akawapanga mbele ya injini, akapiga upya. Wazo hilo halina hakimiliki. Madaraja ya makorongo yapo, wajukuu wa wajenzi wapo, simu zipo.

Wajua mfagia reli aliyeokota almasi? Namibia, 1908, karibu na Lüderitz. Kule reli inafunikwa na mchanga usiku na kufukuliwa asubuhi. Zacharias Lewala alikuwa kazini na koleo lake, akaona kijiwe kinang'aa, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakupewa kitu.

Na Sudan? Mwaka 1897 jeshi la Kitchener lilitandika reli kukata jangwa kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed. Hakukuwa na vijiji vya kuzipa stesheni majina, zikapewa namba. Maji ya kuchimba yalipatikana namba 4 na namba 6, kwingine kote yakabebwa. Mhandisi aliyeisimamia, Percy Girouard, baadaye akawa Gavana wa nchi ambayo leo ni Kenya, kuanzia 1909 hadi 1912. Nairobi ilimpata mtu aliyejua bei ya ndoo.

Turudi kwetu, kwenye chuma. Je, wajua kwa nini mataruma ya Reli ya Kati yalikuwa ya chuma na si ya mbao? Mchwa. Taruma la mbao hapa ni futari. Mataruma ya chuma yakichakaa hayafi: yanakuwa nguzo za uzio, vizuizi vya mifereji, miguu ya tangi la maji. Na kipande cha reli kikining'inizwa kwenye tawi la mkwaju kinakuwa kengele ya shule. Ukikutana na kengele ya namna hiyo, ifute vumbi ubavuni. Viwanda vya reli huweka chapa yenye jina la kiwanda na mwaka wa kufuliwa, herufi zimetokeza kiasi cha kuzihisi kwa kidole gumba. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwa anaitwa na chuma kilichomzidi umri kwa miaka mia.

Wajua reli hurefuka? Kipande cha mita 12 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya asubuhi kinaongezeka kama milimita 4. Kidogo, lakini zidisha kwa kilomita nzima. Ndiyo sababu ya mwanya kati ya kipande na kipande, na mwanya ndio sababu ya ile tata-tata, tata-tata iliyowalaza watoto wa Tabora na Kigoma. Mwanya ukizibwa na kutu na jua likachachamaa, njia inajipinda kama nyoka. Picha za watengeneza njia zimejaa nyoka hao. Watu wa genge walitembea sehemu yao kwa miguu, nyundo begani, wakisikiliza chuma kwa kukigonga. Mkubwa wao alipita na kiberenge. Reli mpya, ile iliyoanza kuleta abiria Dodoma 2024, imeunganishwa kwa kuchomelewa, haina mwanya kila mita 12, kwa hiyo haina wimbo. Sijazoea bado.

Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam kusherehekea reli kufika Kigoma. Vita ikafika kabla ya wageni kukata utepe. Miaka miwili baadaye picha zinabadilika ghafla: madaraja yale yale, sasa yameinama, mguu mmoja mchangani. Wajerumani walikuwa wanayalipua wakirudi nyuma. Kikosi cha Afrika Kusini chini ya van Deventer kiliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, Morogoro ikaanguka Agosti, na Wabelgiji wakachukua Tabora Septemba. Injini zikiwa zimeharibiwa, wahandisi wa kijeshi walivalisha malori magurudumu ya reli, wakayaendesha juu ya njia. Ulipuaji huo ni jambo la kukusaidia ukikutana na picha isiyo na tarehe, na nyingi katika mkusanyiko wa Dobbertin zimeandikiwa tu 1906 hadi 1918: tazama kama daraja ni zima.

Je, wajua meli imewahi kupita Dodoma? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupanda treni. Ilipita katika Ugogo wenye makorongo makavu ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kuingia ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Picha za kuundwa kwake Kigoma zipo, mbavu zake zikiwa wazi kama samaki aliyeliwa.

Clement Gillman, wajua? Mwingereza aliyeajiriwa na Holzmann mwaka 1905 kujenga reli ya Wajerumani, kisha akaja kuwa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika chini ya Waingereza. Wapanda mlima wanamjua kwa Gillman's Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro. Wajiografia wanamjua kwa ramani yake ya watu wa Tanganyika ya 1936, iliyoonyesha nchi nzima watu wamebanana mahali padogo na kwingine kote pakavu, wazi. Miaka thelathini ya kutafutia injini maji ilimfundisha kwa nini wanadamu wanaishi wanapoishi.

Kongwa walijaribu kubisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuja na mradi wa karanga, kipande cha reli kilichepushwa kutoka Msagali. Mvua ikakataa, udongo ukakauka ukawa kama saruji. Karanga zikashindwa, na reli ikang'olewa.

Picha zina uongo mwingine: zinalaza nchi. Ukiitazama njia kati ya Gulwe na Dodoma pichani utasema ni sakafu. Si sakafu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikaanza kurudi nyuma, kasi ikapanda, ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Wapo Dodoma hadi leo wasiopenda kuzungumzia siku hiyo, na mimi nitaishia hapo.

Sasa niulize jambo lililonileta. Je, wajua ni kitu gani kimeivunja reli ya nchi kavu mara nyingi kuliko kingine chochote? Maji. Kati ya Kilosa na Gulwe njia inafuata bonde la mto Mkondoa na Kinyasungwe, na Kinyasungwe ni mto wa mchanga: miezi mingi unaweza kucheza mpira ndani yake, kisha inanyesha huku juu, na saa chache baadaye huko chini kuna ukuta wa maji ya rangi ya kahawa unaobeba miti. El Niño ya 1997 na 1998 ilizoa tuta. Mvua za Desemba 2009 hadi Januari 2010 zikalizoa tena. Wajapani kupitia JICA wakaja kuchunguza namna ya kuilinda sehemu hiyo. Picha za mafundi kutoka huko zote ni ndugu: reli mbili zinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba, chini hakuna kitu, na mtu mwenye buti amesimama pembeni akionyesha kwa mkono pale tuta lilipokuwa. Mpe mstaafu wangu picha hiyo, atakwambia mbuzi wamelisha wapi mpaka mchanga ukashuka, na mto uliinuka kimo gani kwa sababu kitanda chake kimejaa.

Reli mpya, ile ya upana wa milimita 1,435, imejifunza. Huko Kilosa imejificha milimani kwa mahandaki. Abiria walianza kushuka Dodoma Julai 2024, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi hapa. Ujenzi wake umepigwa picha na droni tangu siku ya kwanza, kutoka juu, kwa rangi, na mawingu yote yapo. Ila kutoka juu hivyo huoni mstari wa maji kwenye nguzo.

Na wajua kwamba kuna Makutupora mbili? Ile ya reli mpya, ilikoishia sehemu ya pili ya ujenzi, ni ya Manyoni, mkoani Singida. Ya kwetu iko kaskazini mwa jiji, ndiko viliko visima vinavyolinywesha Dodoma. Kimo cha maji ya visima hivyo kimeandikwa tangu miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu za aina yake Afrika, na watafiti walipoichora waligundua kwamba mvua za kawaida karibu hazifiki chini kabisa. Kinachojaza ni ile misimu michache ya mvua ya kutisha. Kubwa kuliko zote katika rekodi hiyo ni 1997 na 1998, mvua ile ile iliyoiacha reli ikining'inia kule Kinyasungwe. Asubuhi hii nimefungua bomba hapa Makole, likakohoa mara mbili, likatoa.